Bibi wa Dhahabu Juu ya Mlango

Kamati ya Mwonekano wa Jengo ilikutana mara tano kumjadili nyoka. Si nyoka wa kweli. Huyo angepigwa fimbo moja na kikao kikafungwa. Huyu alikuwa nyoka wa saruji, amekanyagwa na yule bibi mkubwa aliyesimama juu ya mlango wa jengo la serikali, taa mkono mmoja, daftari mkono wa pili. Kibao cha pale chini kilieleza kila kitu kwa asiyejua: bibi ni Huduma, taa ni Uwazi, daftari ni Uwajibikaji, na nyoka ni Rushwa. Dhahabu waliyopakwa zamani ilikuwa imebabuka, bibi wa watu amebaki na mabaka mwili mzima, ikaamuliwa apakwe upya. Swali lililowatoa wanakamati jasho lilikuwa hili: je, na Rushwa naye apakwe dhahabu?

"Tukimpaka, tutaonekana tunampenda," alisema Katibu.

"Na tusipompaka," alijibu Mwenyekiti, "wananchi watauliza mbona wenzake wote wanang'aa na yeye kafifia. Watadhani tuna tunachokificha."

Walibishana, wakanywa chai, wakaahirisha, wakarudi, wakabishana tena. Kikao cha tano kikakata shauri: nyoka apakwe dhahabu, tena tabaka mbili, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu zaidi na macho ya wananchi. Taa iko juu mno, haionekani vizuri; hiyo itatosha kwa rangi ya manjano. Wakapiga makofi. Jamani, watu wazima na tai zao shingoni!

Mwisho wa meza, kwenye kiti kisicho na mkono, alikaa fundi mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, vidole virefu, na mtaani walimwita Mama Dhahabu. Walimwita hivyo kwa utani, maana hakuwa na hata hereni. Dhahabu yote iliyowahi kupita mikononi mwake alikuwa ameibandika kwa watu: kwenye fremu za vioo, kwenye dari za kumbi, kwenye majina ya matajiri makaburini. Ufundi huo aliurithi kwa baba yake, na baba yake ndiye aliyemuumba yule bibi wa juu ya mlango.

Mambo ya nyoka yalimchekesha, akakimeza kicheko. Wangetaka wampake hata asali, shauri yao. Yeye alikuja pale kwa ajili ya uso wa bibi. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na miezi saba, na picha moja tu iliyokuwepo ililiwa na maji paa lilipovuja. Alipokuwa na miaka mitatu, baba alimbeba mabegani mpaka mbele ya jengo, akamnyooshea kidole juu. "Yule ndiye mama yako," akamwambia. "Nimemfanya kwa kumkumbuka."

Basi, yakaisha hapo. Tangu siku ile mpaka kichwa kinajaa mvi, Mama Dhahabu hakuwahi kupita barabara ile bila kuinua uso na kusema kimoyomoyo, "Shikamoo, mama." Akifaulu mtihani, huyo, anakwenda kumwambia. Alipoposwa alikwenda. Alipoachika alikwenda pia, akasimama pale chini akalia mpaka askari wa getini akamuuliza kesi yake iko chumba namba ngapi. Na sasa kapewa kazi ya kumpaka yeye mwenyewe, amguse shavu kwa mkono wake. Wiki mbili nzima alitembea kama msichana aliyechumbiwa.

"Mengineyo," alisema Mwenyekiti, akikohoa kidogo. "Kuna kajambo kadogo ka uso."

Mama Dhahabu akainua kichwa.

Kajambo kenyewe kalikuwa hivi. Mkuu wa jengo anatimiza miaka kumi kazini, na kamati imeona impe zawadi ya kumshtukiza: uso wa yule bibi ubadilishwe, ufanane na mkewe. Mkuu hajui, mkewe hajui, na yeyote atakayefungua mdomo atakiona cha moto. Mke wa Mkuu, alieleza Mwenyekiti, ni mfano hai wa Huduma.

"Anafanya kazi gani?" aliuliza Mama Dhahabu.

Wanakamati wakatazamana.

"Ni mke wa Mkuu," alisema Katibu polepole, kama anamfundisha mtoto kuhesabu.

"Na huu uso uliopo?"

"Si unachonga tu? Unapunguza pua, unaongeza mashavu, unatia tabasamu la kiasi. Nyundo na patasi. Wewe ndiye fundi, Bi Fundi, usituulize sisi."

Katibu akamsogezea picha. Ilipigwa kwenye sherehe ya kukata utepe. Mke wa Mkuu alikuwa amevaa kofia pana na miwani myeusi, na mkono wa mtu mwenye mkasi umepita katikati ya uso wake.

"Hapa mimi naona kidevu tu," alisema Mama Dhahabu.

"Kidevu ni mwanzo mzuri," alisema Mwenyekiti. "Tukiomba picha nyingine watashtukia. Tumia akili ya kisanaa."

Mama Dhahabu alitaka kusimama awaambie, huyo ni mama yangu, nyie watu mna wazimu? Kisha akafikiri. Akikataa, ataletwa fundi mwingine, wa patasi kweli, na mama atakatwa pua mchana kweupe watu wakiangalia. Akakubali shingo upande, akaichukua picha ya kidevu, akatoka.

Hakutoka mikono mitupu lakini. Baba yake alimfundisha jambo moja ambalo mafundi wengi hawalijui au hawana subira nalo. Uso wa zamani hauchongwi. Unaupaka nta, kisha unauvika ngozi mpya ya chokaa iliyochanganywa na unga wa marumaru, na hiyo ngozi ndiyo unayoichonga na kuipaka dhahabu. Watu wataona uso mpya, na ule wa zamani utakuwa chini, mzima, haujaguswa hata na ukucha. Siku mkubwa akibadilisha mawazo, unaibandua ngozi na nta yake. Mama Dhahabu alikuwa tayari anauona mpango wake: atamfunika mama yake, amlinde, asubiri Mkuu ahamishwe. Wakuu huhamishwa.

Akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba, amepita themanini, macho yamepungua lakini ulimi uko palepale. Alimkuta kibarazani anashona kifungo cha gauni kwa kupapasa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona unahema kama umekimbizwa?"

Mama Dhahabu akamweleza yote, nyoka, kamati, kidevu. Shangazi alicheka kwenye nyoka mpaka akakohoa. Lakini ilipofika kwenye uso, sindano ikasimama.

"Wala usiwe na wasiwasi," Mama Dhahabu alimtuliza. "Sitamchonga. Nitamfunika kwa nta na chokaa, vile baba alivyonifundisha. Mama atakuwa salama chini yake."

"Vile baba yako alivyokufundisha," shangazi alirudia. Akaichomeka sindano kwenye kitambaa. "Mwanangu, kaa chini."

"Nimekaa, shangazi."

"Basi kaa vizuri. Yule unayemsalimia si mama yako."

Mama Dhahabu akadhani uzee umeanza kumchezea shangazi. Lakini yule bibi kizee akaendelea, sauti kavu, kama mtu anayetua mzigo aliochoka nao. Kweli baba yake alimfanya mkewe pale juu, uso wake vilevile alivyokuwa. Ulikaa miaka miwili. Halafu akaja mkuu mwingine, na wakati ule nako kulikuwa na kamati, na kamati ikaona mke wa mkuu ndiye mfano hai wa Huduma. Baba akapewa nyundo na patasi. Akaenda nazo, akarudi nazo hazijafanya kazi, akamwambia dada yake peke yake: nimemfunika.

"Wewe ulikuwa na miaka minne," alisema shangazi. "Turubai lilipoondolewa ukamkimbilia palepale, shikamoo mama, shikamoo mama. Baba yako angekwambiaje? Aliniapisha nisiseme. Leo yuko kaburini, na wewe unataka kufunika funiko. Sikuweza kunyamaza."

Mama Dhahabu alikaa kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kisha hasira zikampanda, hasira za kweli, mpaka akasimama bila kujua.

"Miaka arobaini na minane! Nimemwamkia mke wa mtu miaka arobaini na minane! Nimemwambia siri za ndoa yangu! Shangazi, nilimlilia yule mwanamke!"

"Nilikuwa najua."

"Ni nani? Anaitwaje?"

"Nani amkumbuke?" alisema shangazi. "Mumewe alihamishwa mwaka uleule."

Kesho yake asubuhi Mama Dhahabu alipanda jukwaa la mabomba mpaka juu. Mafundi wa jukwaa walikuwa wamelizungushia turubai pande zote, kwa sababu dhahabu ya kubandika ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na upepo ukiingia unaondoka nayo. Humo ndani mwanga ulikuwa wa kijani, na sauti za foleni ya watu wanaosubiri kuhudumiwa pale chini zilisikika kwa mbali. Alisimama uso kwa uso na yule mwanamke aliyemwamkia maisha yake yote. Kwa karibu hivyo aliuona ukweli wenyewe: mashavu ya kushiba, tabasamu la kiasi. Kamati ya zamani nayo ilitaka la kiasi.

"Samahani, mama," alimwambia, maana hata hasira haimwondolei mtu adabu. Akaingiza kisu chembamba nyuma ya sikio.

Alitafuta pale ambapo yeye mwenyewe angeanzia kuvika, na baba yake alikuwa ameanzia hapohapo. Akapitisha kitambaa cha maji ya moto juu ya shavu, akasubiri, akapitisha tena. Nta ikaanza kulainika. Kipande cha kwanza kilitoka na paji zima, kikamwangukia miguuni. Kisha shavu. Kisha pua na mdomo kwa pamoja. Alifanya kazi saa nzima bila kuangalia kilichokuwa chini, macho yake kwenye ncha ya kisu tu, kwa sababu alikuwa anaogopa. Aliogopa kwamba huenda baba alichonga baada ya yote. Aliogopa pia kwamba mama yupo, na yeye hatamjua.

Kipande cha mwisho kilipotoka, akafuta nta, akarudi nyuma hatua moja, akatazama.

Mama yake hakuwa mzuri wa kwenye picha. Alikuwa na paji pana, na nyusi moja imekaa juu kuliko mwenzake. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kidogo, kama mtu aliyezuia kicheko mahali pasipochekwa. Sikio moja limechomoza. Mama Dhahabu akalishika sikio la bibi, kisha akalishika la kwake, likawa lilelile. Alikaa juu ya mbao za jukwaa akalia kwa sauti, bila kuziba mdomo, akasema "Shikamoo, mama" mara nyingi asizozihesabu, ili afidie zile zilizopotelea kwa mke wa mtu. Chini kwenye foleni mzee mmoja alisikika akisema, "Hata juu huko wanalia? Basi sisi tutahudumiwa lini?"

Sasa ilibaki kazi. Kopo la nta lilikuwa pale, chokaa imeshachanganywa, picha ya kidevu imebandikwa kwenye bomba kwa gundi. Mpango ulikuwa uleule: apake nta, avike, achonge mashavu, mama abaki salama chini. Alichovya brashi kwenye nta saa tatu asubuhi. Saa saba mchana brashi ilikuwa ingali mkononi, nta imeganda, na yeye hajapaka hata nukta. Kila akiinua mkono aliliona lile jicho lililojizuia kucheka. Mara ya kwanza alifunikwa na mumewe. Sasa afunikwe na bintiye?

"Potelea mbali," alisema Mama Dhahabu, akalitupa lile kopo kwenye ndoo ya takataka. Wakimfukuza, wamfukuze. Wakileta patasi, wataipitisha juu ya mgongo wake kwanza.

Akampaka mama yake dhahabu. Alipaka rangi nyekundu ya chini, akapaka gundi, akaiacha mpaka mgongo wa kidole ukigusa unanata kidogo bila kuchafuka. Akachukua brashi pana ya manyoya, akaipitisha kwenye shavu lake mwenyewe ili ipate mafuta kidogo ya ngozi, akainyanyua nayo karatasi ya kwanza ya dhahabu, akazuia pumzi, akailaza kwenye paji la mama. Shavu kwa shavu hivyo, siku sita. Lile tabaka la pili la nyoka hakulipaka. Alimpa mama yote. Ile taa nayo akaipaka dhahabu, kwa ukaidi tu.

Siku ya ukaguzi, wanakamati walijipanga kwenye dirisha la ghorofa ya juu, upande wa jengo uliochomoza mbele, lililo mkabala na uso wa bibi, hatua tatu hazifiki. Mama Dhahabu alilifungua turubai upande huo mmoja.

Mwenyekiti akatazama picha ya kidevu. Akatazama dhahabu. Akatazama picha tena.

"Huyu ni nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Katibu alishaanza kurudi nyuma ili ikija kuulizwa nani alikuwepo, yeye awe mlangoni. Mama Dhahabu akavuta pumzi. Alikuwa ameshajiandaa maneno yake, mawili tu: mama yangu. Alifungua mdomo.

"Mnafanya nini hapa?"

Alikuwa Mkuu mwenyewe, simu sikioni, amekuta kamati nzima imeziba ujia. Mwenyekiti aligeuka rangi. Zawadi ya kushtukiza ilikuwa imemshtukiza yeye.

"Mkuu, ni... tulitaka iwe siku yenyewe. Ni zawadi yako. Yule bibi wetu, tumempa sura ya... ya mama. Ya mkeo, Mkuu."

Mkuu akaiondoa simu sikioni kidogo, akainua macho. Kupiga chafya kunachukua muda zaidi.

"Aaah!" alisema. "Ni yeye kabisa! Macho yaleyale. Kazi nzuri." Akairudisha simu sikioni akaenda zake, anamfokea mtu habari za matairi.

Wee, kamati ikapata macho! Mwenyekiti akasema yeye tangu mwanzo alilitambua paji. Mwingine akasema hilo sikio ndilo lililomaliza mchezo, fundi kaliona wapi? Katibu alirudi kutoka mlangoni akiapa kwamba akisimama hapa anajisikia kabisa kama anasalimiwa na mama. Walimvisha mke wa Mkuu kilemba cha ukoka na mwenyewe hayupo. Muhtasari ukaandikwa palepale juu ya kizingiti cha dirisha, kwamba wajumbe wote kwa kauli moja wameridhika kuwa sura imefanana, wakatia sahihi saba. Mama Dhahabu alibaki na maneno yake mawili mdomoni. Alitaka kucheka, alitaka kulia, akaona bora akafunge turubai.

Siku ya uzinduzi ilikuwa ya jua kali. Yalifungwa mahema, vikawekwa viti vya mbele vya kuvikwa vitambaa na viti vya nyuma vya plastiki. Turubai likashuka, na bibi akawaka mpaka watu wa mbele wakaziba macho. Mkuu alihutubia. Alisema miaka ishirini na saba anaamka anauona uso ule, na kwamba uso ule ndio uliomfikisha alipo. Makofi yakapigwa yakarudiwa. Rushwa alikuwa chini pale, kafifia kidogo kuliko ilivyoamuliwa, na hakuna aliyemkumbuka.

Shangazi alikuwa ameletwa, amesimama kwa fimbo nyuma ya viti vya plastiki. Macho yake hayakuona mengi, lakini dhahabu ile, na sikio lile lililochomoza angani, aliviona. Alipiga kigelegele kimoja kirefu, akaita kwa nguvu zake zote, "Wifi! Wifi yangu, umerudi!"

Waongozaji wa wageni walishtuka. Mwanamke anayemwita mke wa Mkuu wifi anaweza kuwa nani zaidi ya dada yake Mkuu? Na wamemsimamisha juani! Wakamkimbilia, huyu kashika fimbo, huyu kashika mkoba, wakampeleka mstari wa mbele, wakamketisha kwenye kiti cha kitambaa na soda ya baridi mkononi. Shangazi hakuuliza kitu. Alikuwa analia na kunywa.

Mama Dhahabu alijibanza kwenye nguzo ya pembeni, bado na vumbi la chokaa kwenye viatu. Hapo ndipo aliposikia hatua, akageuka. Alikuwa mke wa Mkuu. Alikuwa ametoka hemani kama mtu anayekwenda kunawa mikono, miwani ameishika. Alikuwa na macho madogo ya mviringo, mashavu mafupi, kovu la zamani juu ya mdomo. Ulikuwa uso mpole, uliochoka.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Yule si mimi."

Mama Dhahabu akaona mambo yameharibika. Huyu mwanamke akirudi hemani aseme neno moja, jioni ile ile jukwaa litarudi, na patasi. Angeweza kumdanganya, amwambie ni akili ya kisanaa. Lakini alikuwa amechoka na nyuso zilizofunikwa.

"Si wewe, mama. Ni mama yangu mzazi. Alikufa sijaanza kutembea. Waliniambia nimchonge, nikashindwa."

Mke wa Mkuu akatazama juu kwa muda.

"Mume wangu alimwona kabla ya leo?"

"Alimwona. Wiki iliyopita, dirishani."

"Kwa mbali."

Mama Dhahabu akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Karibu tu, kama nilivyosimama na wewe hapa."

"Akasema ni mimi?"

"Alisema macho ni yaleyale."

Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu alichoshaamua kutonunua. "Na wewe," aliuliza, "kama alikufa hujaanza kutembea, ulijuaje kwamba ndiye?"

"Nilimtazama, mama. Nilikaa nikamtazama."

Kutoka hemani wakaanza kumwita, picha, picha, mama anasubiriwa kwenye picha. Hakuharakisha. Alimshika Mama Dhahabu mkono wenye chokaa, akaubana.

"Mwache hapohapo alipo," alisema. "Akiulizwa mtu, mimi nitasema ni mimi."

Mama Dhahabu akabaki na mkono wake hewani, anamwangalia akirudi juani bila miwani, akipanda ngazi za jengo, akisimama pembeni ya mumewe chini ya yule bibi. Mpiga picha aliinama nyuma ya kamera, akawapanga wanakamati, akamsogeza Katibu aliyekuwa anamziba Mkuu.

"Nzuri sana hiyo," alisema mpiga picha. "Sasa Mkuu, mtazame mke wako kidogo."

Mkuu akatabasamu, akainua kichwa, akamtazama bibi wa dhahabu.